Pikiflo, spairomita, kipimo cha kidole au daftari: kipi kinakufaa kama kifua chako kina shida za siku zote?

Kabla sijalinganisha chochote ngoja niwaambie kitu nilichonunua kimakosa, maana nimeona wengi wanatumbukia humohumo. Dokta aliniambia nitafute kifaa cha kupima pumzi niwe nacho nyumbani, basi nikashuka Kariakoo, nikaingia duka la vifaa tiba nikasema nataka spairomita, kijana akanishushia kile cha plastiki chenye mipira mitatu na kamrija ka kunyonyea, nikalipa, nikapanda daladala najiona nimemaliza kazi. Wiki mbili nanyonya mipira inapanda yote mitatu, najisifu. Siku ya kliniki nikakitoa kwenye mkoba kwa mbwembwe, dokta akakiangalia akasema, "Dada, hiki ni cha mazoezi."

Kile wanapewa watu waliotoka kufanyiwa operesheni ili mapafu yafunguke vizuri wakiwa wamelala kitandani. Unavuta hewa ndani, na zile namba za 600, 900 na 1200 pembeni zinaonyesha unavuta kwa kasi gani kwa sekunde. Sasa pumu inabana hasa wakati wa kutoa hewa. Kwahiyo unaweza kuinua mipira yote mitatu huku njia za hewa zimeshaanza kubana, na mipira haitakwambia kitu.

Baada ya hapo nikawa makini. Mi nina pumu tangu shule ya msingi, mwanangu wa miaka 8 anayo pia, mama yangu aliugua TB miaka ya nyuma akapona kabisa lakini mapafu yalibaki na makovu, na nina binamu yangu yupo Leicester ambaye mapafu yake yanakakamaa polepole, ile wanayoita fibrosisi. Yaani kwenye ukoo mmoja vifaa vyote hivi vinatumika na nimeona kila kimoja kinafanya nini na kinadanganya wapi. Mi sio daktari, nawaeleza kama mtu anayeishi navyo.

Nianze na pikiflo kwa sababu ndiyo ninayoipenda, sitajificha.

Ni bomba la plastiki, mdomoni pana kidogo, juu kuna mfereji wenye mshale na namba, ya watu wazima mara nyingi inaanzia 60 mpaka 800. Haina betri, haina bando, haina kitu cha kuharibika zaidi ya hako kamshale. Inapima kitu kimoja tu, hewa inatoka kwako kwa kasi gani ukipuliza kwa nguvu zako zote, kwa lita kwa dakika. Ilitengenezwa na Mwingereza Martin Wright miaka ya 1950, ya kwanza ilikuwa dude kubwa la hospitali, hii ndogo ya kubeba mkononi ikaja miaka ya 1970. Mpaka leo haijabadilika sana na sioni kwa nini ibadilike.

Namna ya kuitumia inaonekana ya kitoto lakini wengi tunakosea. Simama. Rudisha mshale chini kabisa. Vuta hewa mpaka kifua kijae, bana midomo kwenye bomba, ulimi usizibe tundu, vidole visiguse mfereji wa mshale, halafu puliza mara moja tu kwa nguvu na haraka. Rudia mara tatu, andika ile kubwa kuliko zote, usitafute wastani. Usifanye kama unatema kokwa ya zambarau! Mwanangu alikuwa anafanya hivyo, anajaza mashavu anatema, mshale unaruka juu kumbe mapafu hayajafanya kazi yoyote, ni mashavu na ulimi. Ukikohoa ndani ya bomba nayo inadanganya hivyohivyo.

Sasa namba yenyewe peke yake haina maana. 380 kwangu ni siku nzuri, kwa mwanaume mrefu wa miaka 25 ni siku mbaya. Unatakiwa uijue rekodi yako, yaani unapima asubuhi na jioni kwa wiki mbili hivi kipindi ambacho kifua kimetulia na dawa unatumia vizuri, ile kubwa ndiyo rekodi yako. Yangu ni 420. Asilimia 80 ya hiyo ni 336, nusu yake ni 210. Nilichukua rangi ya kucha nikaweka alama ya kijani kwenye 336 na nyekundu kwenye 210, kwahiyo hata nikiamka saa tisa usiku sijavaa miwani naona mshale uko upande gani. Juu ya kijani naendelea na maisha, katikati ni njano nafuata karatasi ya dokta inavyosema, chini ya nyekundu ni pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, na safari ya hospitali. Hizo kanda za 80 na 50 ndizo zinazotumika sehemu nyingi lakini muulize dokta wako akuandikie zako, kuna watu wanawekewa tofauti.

Kitu kingine ambacho pikiflo inakupa na vingine vyote havikupi kirahisi ni tofauti ya asubuhi na jioni. Pumu inapenda alfajiri. Siku moja nilipata 340 asubuhi na 400 jioni, ukiangalia haraka zote ziko kijani, hamna shida. Lakini chukua tofauti, 60, gawa kwa wastani wao 370, ni kama asilimia 16. Kwa mtu mzima wastani wa tofauti hiyo kwa wiki moja au mbili ukizidi asilimia 10 ujue kifua hakijatulia hata kama unajisikia fresh, kwa mtoto ni 13. Mi ilikuwa hivyo karibu wiki nzima na kwa kweli nilikuwa naruka pampu ya kahawia, ile ya kuzuia, kwa sababu najiona mzima. Mshale ulinisuta kabla kifua hakijanisuta.

Kasoro zake nazo zipo. Inategemea bidii, ukipuliza kivivu inasoma kivivu. Mtoto chini ya miaka 5 hawezi, usimtese. Watoto wana saizi yao yenye namba ndogo, ukimpa ya wakubwa mshale unasogea kidogo sana huoni mabadiliko. Haisaidii sana kwa magonjwa ya makovu ya mapafu, mtu wa fibrosisi anaweza kupuliza namba nzuri tu huku mapafu yanasinyaa. Na usichanganye vifaa, 400 ya bomba lako sio lazima iwe 400 ya bomba la jirani, hasa ukiletewa la zamani kutoka Ulaya, maana Uingereza walibadilisha skeli mwaka 2004 kwahiyo mabomba ya kabla ya hapo yanasoma tofauti. Ukibadilisha bomba, tafuta rekodi upya.

Haya, kipimo cha kidole. Oksimita. Hiki kilisambaa wakati wa Korona, kila nyumba ikataka, na mpaka leo mtu akisikia una pumu swali la kwanza ni "una kile cha kidole?" Teknolojia yenyewe imetoka Japani, Takuo Aoyagi, 1974. Kinapitisha mwanga kwenye kidole, kinakwambia damu imebeba oksijeni asilimia ngapi, na mapigo ya moyo juu yake. Kawaida ni 95 mpaka 100 kama unaishi ukanda wa chini kama Dar au Mombasa, ukiishi mwinuko kama Nairobi namba inaweza kuwa chini kidogo na bado uko salama.

Mimi na hiki kifaa tuna ugomvi. Mwezi wa sita mwaka juzi, baridi ya kipupwe imeanza na jirani kachoma taka jioni nzima, niliamka usiku kifua kinapiga mluzi. Nikaweka kidole, 97. Nikajiambia ah, oksijeni ipo, nilale. Nikalala nimekaa, mnajua ule usingizi wa kuegemea ukuta. Baada ya nusu saa nikaamua nipulize pikiflo, 190. Yaani asilimia 45 ya rekodi yangu, nyekundu kabisa, na kidole bado kinasoma 96. Tulifika hospitali nikawekwa kwenye nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta, na dokta wa zamu akaniambia kitu ambacho nakirudia kwa kila mtu: kwenye pumu oksijeni inashuka mwishoni. Mwili unajitahidi, unahema haraka, unaishikilia ile namba mpaka unapochoka, na ukishachoka inaporomoka. Kwahiyo 97 haikuwa uongo, ila haikuwa jibu la swali langu. Swali langu lilikuwa "njia za hewa zimebana kiasi gani" na kidole hakijui habari za njia za hewa.

Upande wa pili, ikishuka kweli usibishane nayo. Una pumu, umebanwa, na oksimita inasoma 92 au chini, hapo hamna kusubiri asubuhi.

Sasa kwa mama ni tofauti kabisa na ndiyo maana siwezi kusema kifaa kibaya. Mapafu yake yenye makovu tatizo lake kubwa ni kuvusha oksijeni kwenda kwenye damu, na anajitahidi kuficha, ni wale wamama wa "sijambo mwanangu" huku anashika ukuta. Akiwa amekaa anasoma 94. Dokta wake alitufundisha tusipime akiwa amekaa tu, tumtembeze. Kutoka sebuleni mpaka geti na kurudi, kidole kikiwa kwenye kifaa, tunaangalia inashuka mpaka ngapi na inachukua muda gani kurudi. Mwaka jana ilikuwa inashuka mpaka 91, mwaka huu mwezi wa pili ikafika 87, hapohapo tukajua kuna kitu, akapelekwa, kumbe alikuwa na maambukizi kifuani. Pikiflo isingetuambia hilo.

Mambo ya kuangalia kwenye oksimita. Mkono wa baridi inasoma vibaya, usugue kwanza. Rangi ya kucha toa. Piko nyeusi nayo! Mama alipakwa kwenye harusi ya mpwa wangu, kesho yake kifaa kinasoma 84, simu zikapigwa nyumba nzima, kumbe anakula wali vizuri tu, tukapima kidole cha mguu ikarudi 94. Subiri kama dakika moja namba itulie, usichukue ile ya kwanza. Na kuna hili ambalo sisi watu weusi linatuhusu moja kwa moja: mwaka 2020 watafiti Marekani walilinganisha kipimo cha kidole na damu yenyewe ya kwenye mshipa, wakakuta kwa wagonjwa weusi kifaa kilikosa kuonyesha oksijeni iliyoshuka karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Maana yake ngozi ikiwa nyeusi kifaa kinaweza kukupamba, kinasoma 93 wakati ukweli uko chini ya hapo. Ndiyo maana mi naangalia zaidi mwelekeo, leo na jana na wiki iliyopita kwenye kidole kilekile, kuliko namba moja.

Halafu kwa wenye mgonjwa nyumbani wa ile KOPD, mapafu yaliyoharibiwa na sigara au moshi wa kuni wa miaka mingi, na ana mashine ya oksijeni: msiifungulie mpaka isome 98 kwa kumpenda. Wengi wao dokta anataka wabaki 88 mpaka 92, oksijeni ikizidi inaweza kuwalaza usingizi mbaya. Uliza namba yake ni ngapi, iandikeni, ibandikeni kwenye mashine.

Saa za mkononi zinazopima oksijeni siziongelei, kwa mgonjwa wa mapafu hizo ni pambo.

Spairomita ya nyumbani ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo inayopima vizuri kuliko zote, lakini ghali na vizuri havimaanishi inakufaa. Spairomita halisi kabisa ni kifaa cha zamani, daktari John Hutchinson alionyesha yake London mwaka 1846, ndoo na maji na kamba. Siku hizi kuna za kushika mkononi, zinaunganishwa na simu kwa bluetooth. Hii inapima vitu viwili vikubwa: hewa yote unayoweza kutoa, na kiasi gani kati yake kinatoka kwenye sekunde ya kwanza. Huo uwiano ndio madaktari wanaotumia kujua tatizo ni la kubana au la kusinyaa. KOPD kwa mfano inathibitishwa kama baada ya kuvuta dawa ya kufungua kifua hewa ya sekunde ya kwanza bado iko chini ya asilimia 70 ya yote.

Binamu wa Leicester kliniki yake ndiyo iliyompa, na kwake ina maana sana, kwa sababu fibrosisi inakula ujazo wa mapafu polepole na yeye anapuliza nyumbani, namba zinaenda moja kwa moja kwa nesi wake, zikishuka anapigiwa simu. Waliopandikizwa mapafu nao wanatumia hivyohivyo, ikishuka kama asilimia 10 na ikabaki hapo wanaitwa haraka kuangaliwa kama mwili unakataa. Ona lakini kinachofanya kazi pale: kuna mtu upande wa pili anayesoma.

Binamu alipokuja likizo nilimwomba nijaribu. Kwanza kupuliza kwake sio kama pikiflo, unalipuka halafu unaendelea kutoa, toa, toa, angalau sekunde 6, mpaka macho yanataka kutoka na unaona nyota. Mara tatu. Programu ikanikatalia mbili za mwanzo, eti nimeanza kivivu na nimekatisha mapema. Hospitali kuna fundi anakusimamia anakupigia kelele "endelea endelea endelea", nyumbani ni wewe na simu. Pili, ilipoanza iliniuliza umri, urefu, jinsia na asili yangu. Nikachagua Mwafrika, ikaniambia niko asilimia 92. Binamu akacheka akasema rudi chagua mzungu, nikabadilisha, nikashuka mpaka 80. Mapafu yaleyale, dakika mbili hazijapita! Ni kwamba fomula za zamani zilikuwa zinahesabu mtu mweusi ana mapafu madogo kwa asilimia 10 mpaka 15 kuanzia mwanzo, kwahiyo mtu mweusi mgonjwa anaweza kuonekana mzima. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa kifua Marekani kilipendekeza kutumia hesabu isiyogawa watu kwa rangi, lakini vifaa vingi vya zamani bado vina menyu ileile. Ukinunua, puuza asilimia, fuatilia lita zako mwenyewe mwezi hadi mwezi.

Ongeza hapo vimrija vya mdomoni vya kubadilisha ambavyo ukikwama huvipati duka la mtaani, programu nyingine inataka malipo ya mwezi, na dokta wako huenda hana muda wa kufungua PDF yako. Kwa mtu wa pumu ya kawaida Dar, Arusha, Kisumu, mi nasema hapana. Nenda ukafanyiwe spairometri ya hospitali mara moja vizuri ili ugonjwa ujulikane jina lake, halafu nyumbani tumia kitu rahisi. Na hii ni muhimu, kuna watu wanatibiwa pumu miaka kumi kumbe hawana pumu, ni makovu ya TB au moyo.

Tukija kwenye daftari watu wanadharau kwa sababu halina plastiki. Maswali manne, kila mwezi, kwa wiki nne zilizopita: kifua kilibana mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kiliniamsha usiku hata mara moja? Nilitumia pampu ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna kazi nilishindwa kwa sababu yake? Hata ndiyo moja tu inamaanisha kuna kitu hakijakaa sawa, ndiyo tatu au nne ni kwamba pumu inakuendesha wewe. Na hesabu pampu. Ya bluu mara nyingi ina mivuto 200, andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya maka juu yake. Ukiimaliza kwa mwezi ni karibu mivuto 7 kila siku, hiyo sio pumu iliyotulia hata kidogo. Ukitumia tatu au zaidi kwa mwaka uko kwenye kundi la wanaoweza kuzidiwa, nenda wakuangalie dawa ya kuzuia.

Niwe mkweli hapa ingawa mi ni shabiki wa pikiflo: tafiti zilizolinganisha watu wanaofuata dalili kwa maandishi na wanaofuata pikiflo, wote wakiwa na karatasi ya mpango kutoka kwa dokta, zimeona matokeo yanakaribiana. Yaani kwa wengi daftari linatosha. Pikiflo inashinda kwa watu wa aina yangu, ambao kifua kinabana nusu na bado tunasema "niko poa", na kwa waliowahi kulazwa wamezidiwa, na kwa anayetaka kujua kama kuna kitu kazini kinamdhuru, mfano fundi seremala au mtu wa kinu cha unga, anapima siku za kazi na siku za mapumziko analinganisha.

Tatizo la daftari ni sisi wenyewe. Mwanangu nilimpa la kuandika pikiflo yake asubuhi na jioni. Jumapili moja nalifungua naona wiki nzima imekaa vizuri, 240, 240, 250, 240, wino mmoja, mwandiko mmoja, na doa la chai limepita juu ya Jumatatu mpaka Ijumaa. "Mama, nilisahau nikajaza zote leo." Toka siku hiyo tunapima pamoja kabla ya mswaki, mara mbili kwa siku wiki ambazo ana mafua au tumebadilishiwa dawa, wiki nyingine tunapumzika. Kupima kila siku mwaka mzima mtu anachoka, na aliyechoka anaandika uongo.

Sasa ungeniuliza ununue nini. Una pumu ya kawaida na pesa ni ya mawazo: usinunue kifaa, hakikisha pampu ya kuzuia ipo na speza ipo, lile chupa la plastiki unalochomeka pampu ili dawa ifike kifuani vizuri, na daftari la shule moja. Una pumu na uliwahi kuzidiwa, au huwa huhisi mapema: pikiflo, na karatasi ya dokta yenye namba zako, bila hiyo karatasi bomba ni mdoli. Mtoto chini ya miaka 5: macho yako, mbavu zikiingia ndani akihema, hiyo ndiyo namba yenyewe. Makovu ya TB, KOPD, fibrosisi: kipimo cha kidole, ukimtembeza. Spairomita ya nyumbani, kama tu kuna kliniki inayosoma majibu.

Wakati mwingine usipime kabisa. Mtu hawezi kumaliza sentensi, midomo imebadilika rangi, pampu ya bluu haisaidii au inasaidia dakika tano halafu basi, hapo hamna cha mshale wala kidole, ni pampu kupitia speza huku mnatafuta usafiri. Anayekohoa damu, aliyetoka kufanyiwa operesheni ya jicho au kifua juzi, asipulize kwa nguvu mpaka aulize. Kikohozi kimepita wiki mbili na hakijulikani ni cha nini, kapime TB kwanza, kipimo na dawa ni bure, na wakati huo usimwazime mtu bomba lako. Kwa kweli usimwazime mtu bomba hata usipokohoa. Langu naliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila wiki, nalikausha kivulini, na baada ya miaka kama mitatu nanunua jipya kwa sababu springi inalegea.

Bei sitaji, zinapishana sana duka na duka, ila pikiflo na oksimita ziko kwenye kundi la mtu wa kawaida anayeweza kujichanga na spairomita ya simu iko mbali huko. Na ukifika dukani sema unataka ya kupuliza, usiseme "ya pumzi", la sivyo utatoka na mipira mitatu.